Usalama wa saiti ndogo Dodoma: mwongozo wa fundi, kuanzia kupatana bei hadi kupaua

Shimo lilikuwa na kina cha futi tisa, kuta zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, kiangazi kimeukausha udongo wa Nzuguni mpaka sururu inaruka ikigonga. Mwenye nyumba alikuja jioni, akachungulia, akasifu kazi. Usiku ikanyesha mvua ya kwanza ya msimu, nusu saa tu, ya kupooza vumbi. Asubuhi kijana wetu akashuka kumalizia futi moja iliyobaki. Kabla sijamaliza chai yangu kwa mama lishe nikasikia mshindo, wala si mkubwa, kama gunia la mahindi lililoangushwa kutoka kwenye lori. Upande mmoja wa shimo ulikuwa umemfunika mpaka kifuani.

Tulimtoa kwa mikono na kwa sahani za mama lishe. Alipona, mbavu zikavunjika. Msimamizi wa saiti ile nilikuwa mimi.

Kila aliyekuja kutoa pole alisema ajali haina kinga, nami nikalishika neno hilo kwa wiki kadhaa kwa sababu lilinifaa. Halafu siku moja nikayafungua makadirio ya kazi ile. Kulikuwa na mstari wa saruji, wa kokoto, wa misumari, hata wa soda za siku ya kumwaga zege. Mbao za kuzuia kuta za shimo hazikuwemo. Kosa lilifanyika wiki tatu kabla udongo haujaanguka, tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki tukipunguziana bei. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia hapo.

Nawaandikia mafundi wakuu na wasimamizi wa saiti ndogo: nyumba ya chini, fremu za duka, ghorofa moja au mbili. Kwenye miradi mikubwa ya Mtumba, Msalato au reli yupo afisa usalama anayelipwa kwa kazi hiyo. Kwenye saiti za Ilazo, Nkuhungu na Iyumbu afisa usalama ni wewe, upende usipende.

Hatua ya 1: Usalama uingie kwenye makadirio

Ukishakubaliana bei, hakuna atakayekuongezea shilingi kwa ajili ya kofia. Kwa hiyo andika mapema, kila kitu kwenye mstari wake na bei yake, kama unavyoandika nondo. Usiweke neno moja tu la "usalama", maana hilo ndilo linalokatwa kwanza. Weka kofia ngumu kwa idadi ya watu, gambuti na buti zenye chuma, glavu za mpira za saruji (za kitambaa hazifai), miwani, barakoa za vumbi zenye alama ya N95 au FFP2, mbao na mirunda ya shimo, mbao za jukwaa, kamba mpya, madumu ya maji, turubai la kivuli, sanduku la huduma ya kwanza na choo cha muda.

Mwenye nyumba atauliza kwa nini anunue kofia. Mwambie mambo mawili. La kwanza, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi. La pili, na hili ndilo linaloingia akilini haraka, kazi ikisimama siku tatu kwa ajali, hasara yake inazidi bei ya kofia zote.

Kuna wenye nyumba watakaokuacha wakamchukue fundi wa bei ya chini. Nimeshapoteza kazi namna hiyo, na sikuzijutia zote. Mbili nilizijutia, nisiwadanganye.

Hatua ya 2: Itembelee saiti kabla vifaa havijashushwa

Zunguka kiwanja kizima kwa miguu, kwanza ukitazama juu. Waya za umeme zikipita karibu, fahamu kwamba nondo za dukani zina urefu wa futi 40, yaani karibu mita 12, na mtu akiisimamisha nondo moja ili aigeuze, anakuwa amenyoosha chuma mpaka kwenye laini. Si lazima nondo iguse. Umeme wa msongo mkubwa huruka. Mimi nimeweka mita 3 kuwa mwisho wa kusogea, kwa mtu, ngazi, nondo au boriti, na nondo hubebwa imelala, watu wawili. Kama jengo lenyewe litaingia ndani ya umbali huo, simamisha kazi uende TANESCO kabla hujachimba msingi. Kwenda kuwaona wakati ukuta umeshafika kozi ya tisa ni kuomba ugomvi.

Halafu tazama chini. Viwanja vingi vya mji huu vimepimwa juu ya mashamba na maboma ya zamani, kwa hiyo waulize majirani kama kuna choo cha shimo kilichofukiwa. Mzee mmoja wa Kigogo ndiye aliyeniokoa Mkonze. Nilimsalimu tu "mbukwenyi" nikipita, tukaongea, akanionyesha kwa fimbo mahali choo cha baba yake kilipokuwa. Kilikuwa katikati kabisa ya sebule ya ramani yetu.

Chagua siku hiyo hiyo mahali pa kushushia tofali, njia ya toroli, mahali pa maji, kivuli na choo. Wanawake wapo saiti, wanabeba maji na mchanga, kwa hiyo choo kiwe na mlango unaofungwa. Asiyekuwa na choo hupunguza kunywa maji, na hilo kwa jua la Dodoma lina matokeo yake, kama nitakavyoeleza.

Aliye chini ya miaka 18 asipewe kazi saiti, hata akiwa mtoto wa dada yako anayetafuta ada. Na mtoto wa jirani asiingie kabisa. Shimo lililo wazi lizungushie miti ya miiba, kama boma la ng'ombe. Haina gharama, na hata mbuzi hapiti. Utepe wa plastiki huliwa na upepo ndani ya siku mbili.

Kwa upande wa karatasi: saiti husajiliwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na mwajiri hujisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015 na unaohusu waajiri wa umma na wa binafsi Tanzania Bara. Mchango ni wa mwajiri peke yake. Ukiona mtu anawakata vibarua "pesa ya WCF", huo ni wizi.

Hatua ya 3: Kuchimba

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapodanganyika zaidi.

Sisi hatuna vuli na masika kama pwani. Mvua yetu ni moja, Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ardhi inakauka mpaka inapasuka. Udongo mkavu wa namna hiyo husimama wima hata futi kumi, na fundi mgeni akiuona anasema huu hauhitaji mbao, huu ni chuma. Lakini kinachoushikilia ni ule ukavu wenyewe. Maji kidogo yakiingia kwenye nyufa, iwe mvua, bomba lililopasuka au pipa la maji lililomwagika kando ya shimo, mshiko unaachia ghafla, na unaachia kwa kipande kikubwa. Udongo mweusi wa mbuga ndio mbaya zaidi kwa sababu huvimba ukilowa na kujikunja ukikauka, kwa hiyo nyufa zake zinaingia ndani sana.

Mita moja ya ujazo wa udongo ina zaidi ya tani moja na nusu. Ni kama gari dogo limekukalia. Aliyefunikwa mpaka kifuani hakosi hewa ya kuvuta. Kila akitoa pumzi udongo unasogea kujaza nafasi, na kifua hakiwezi tena kupanuka.

Kanuni yangu tangu Nzuguni ni hii: shimo likimpita mtu kifua, hakuna anayeshuka mpaka mojawapo ya mambo haya lifanyike. Ama kuta zilazwe, na kwa udongo wa kichanga, kila mita moja ya kwenda chini mdomo upanuke mita moja na nusu kila upande. Ama kuta zikabwe: mbao za inchi mbili zisimamishwe pande zote, zibanwe na mirunda iliyolala kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukabaji huanzia juu kushuka, na kufungua huanzia chini kupanda, ili wakati wote fundi awe amesimama mahali palipokabwa. Ama kijiko (mashine ya kuchimbia) kichimbe, na kazi ya ndani isubiri kuta zilazwe.

Udongo uliotolewa usirundikwe mdomoni. Uweke umbali wa hatua moja kubwa au zaidi. Lori la mchanga lisiegeshe karibu na shimo kuliko kina cha shimo lenyewe. Ngazi iwemo ndani muda wote kuna mtu. Kila asubuhi, na kila baada ya mvua, mtu mmoja azunguke mdomo wa shimo akitafuta ufa unaokwenda sambamba na ukingo. Ufa huo ukiuona, hata wa unene wa kucha, hapashukwi. Na anayechimba asiwe peke yake. Awepo wa juu anayemtazama, asiye na kazi nyingine. Huyo wa juu ndiye mwenye nyumba atakayemwita mvivu. Mlipie tu.

Choo cha zamani au kisima kirefu kina jambo lake. Hewa ya chini inaweza kuwa mbovu bila dalili. Gesi ya choo inanuka kama yai viza mwanzoni, kisha ikizidi huua pua isinuse chochote, ukadhani imeisha. Kushusha mshumaa hakusaidii, kwa sababu unaweza kuwaka vizuri penye gesi inayoua, na gesi nyingine ya choo hulipuka. Jenereta au pampu ya petroli isishushwe ndani ya shimo kamwe. Moshi wake una gesi inayoua isiyo na harufu ya kukuonya. Mtu akizimia chini, asishuke mwingine kumfuata. Hivyo ndivyo shimo moja hubeba ndugu watatu. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji, na kama alikuwa amefungwa kamba, mvute kutoka juu. Kwa hiyo afungwe kamba kabla ya kushuka.

Hatua ya 4: Jua na maji

Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kuogopa. Joto linapita nyuzi 30, mawingu hakuna, na upepo mkavu unakausha jasho kabla hujaliona. Kwa sababu hulioni, unadhani hujatoka jasho. Mgeni aliyetoka Dar, aliyezoea kulowa shati, ndiye anayeanguka kwanza.

Hesabu ya maji ni rahisi. Kikombe cha robo lita kila dakika 20 ni karibu robo tatu ya lita kwa saa. Watu kumi kwa saa nane ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20, ya kunywa tu, mbali na ya zege. Dumu likae kivulini karibu na kazi. Likiwa mita mia moja mbali, watu watakunywa mara mbili kwa siku. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mtu huyo amechelewa kunywa.

Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kazi nzito iishe kabla ya saa sita, na saa sita hadi saa nane mkae kivulini. Aliyeanza leo, au aliyerudi kutoka likizo au malaria, apewe nusu ya mzigo siku za kwanza. Mwili unahitaji kama wiki moja kuzoea. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini vichupa vidogo vya konyagi vipo na wanavyo. Pombe ya asubuhi inakausha mwili, na vinywaji vya kuongeza nguvu havichukui nafasi ya maji.

Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu na misuli kubana, mweke kivulini, alegeze nguo, anywe maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Lakini akianza kuongea ovyo, akayumba au akazimia, mwili ukiwa moto, hiyo ni hali nyingine. Usimnyweshe kitu. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa bati au boksi, na gari liitwe wakati mnaendelea kumpoza. Kupoza ndiyo tiba yenyewe. Msikae kusubiri gari.

Hatua ya 5: Saruji na vumbi

Saruji iliyolowa inaunguza, na ubaya wake ni kwamba haichomi papo hapo. Fundi anapiga magoti kwenye jamvi (zege la sakafu) asubuhi, suruali inalowa, hasikii kitu. Jioni anavua anakuta ngozi ya magoti imekuwa ya kijivu na imelainika. Nimeiona hiyo kwa fundi sakafu mwenye uzoefu wa miaka ishirini, na alidhani ni fangasi. Nguo ikilowa zege, ivuliwe, ngozi ioshwe kwa maji mengi. Zege ikiingia ndani ya gambuti, vua sasa hivi, usisubiri karai liishe. Ikiingia jichoni, maji safi dakika 20 mfululizo, kope zimefunguliwa kwa vidole, kisha hospitali. Na kabla ya kula ugali, sabuni. Kusugua mikono kwa mchanga na maji kunazidisha vidonda.

Vumbi ndilo linaloua polepole. Milima yetu ni ya mawe ya matale, na jiwe hilo limejaa silika. Anayeponda kokoto kwa nyundo, anayekata marumaru kwa grenda bila maji na anayefagia saiti kavu wote wanavuta unga mwembamba usioonekana, unaotia makovu kwenye mapafu. Makovu hayo hayatibiki, na yanaufungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu. Leso na mtandio havizuii chochote kwa unga huo. Dawa ya kwanza ni maji: nyunyiza kabla ya kufagia, na unapokata, msaidizi awe na chupa iliyotobolewa kizibo akimwagilia mahali diski inapoingia (kwa mashine iliyotengenezwa kutumia maji, au ya injini, grenda ya umeme ya kawaida na maji haviendani). Barakoa ni ya pili. Mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili apelekwe akapimwe makohozi, asipewe tangawizi.

Nyumba ya zamani iliyoezekwa kwa asbesto ikibomolewa, vigae visivunjwe wala kukatwa. Mwite anayejua, na iwe kabla ya kubomoa.

Hatua ya 6: Jukwaa na ngazi

Jukwaa la mirunda si baya. Baya ni la mirunda iliyokaa. Dodoma ina mchwa, na mrunda uliochimbiwa miezi minne unaweza kuwa mzima machoni na mtupu ndani kuanzia usawa wa ardhi kwenda chini. Njia ya kuupima: ugonge kwa nyundo kwenye shina na usikilize. Mzima unalia kama mlango, ulioliwa unalia kama boksi. Kisha choma kwa msumari wa inchi nne pale unapoingia ardhini; msumari ukizama kwa kusukuma kwa mkono, toa mrunda huo. Ninapofika saiti iliyosimama muda mrefu kwa kukosa pesa, na ziko nyingi mjini hapa, jukwaa la zamani silipandi. Nalibomoa lote.

Miguu isimame kwenye ubao mpana, isisimame juu ya tofali. Weka mishazari pande zote mbili, na jukwaa lifungwe kwenye ukuta wa jengo, si kwa msumari mmoja kwenye dirisha. Mahali pa kukanyagia pawe na mbao zisizopungua tatu zilizobanana, zisizo na nundu kubwa, na kila ubao upite mhimili wake kwa kiganja kimoja na zaidi. Ukiwa mfupi utachomoka, ukipita sana utainuka kama pembea. Zuio liwe usawa wa kiuno, na ubao mwembamba usimamishwe miguuni ili nyundo isianguke.

Msipange tofali juu kama mko stoo. Tofali la inchi sita lina karibu kilo 30, kwa hiyo tofali 20 ni kilo 600 kabla hujahesabu mafundi wawili na karai la udongo. Ziwe chache, ziongezwe.

Ngazi: kwa kila mita nne za kupanda, mguu utoke ukutani mita moja. Juu ipite ukingo mita moja ili kuwe na pa kushika, na ifungwe. Ngazi ya mabanzi yenye kipandio kilichopigiliwa msumari mmoja katikati ni mtego. Mtu haanguki kutoka ghorofa ya tano tu. Mita mbili zinatosha kuvunja shingo.

Hatua ya 7: Kumwaga zege

Slabu ya mita 10 kwa 10 yenye unene wa sentimita 15 ni zege mita za ujazo 15, yaani karibu tani 36, zikiwa bado uji. Zote zimebebwa na mirunda. Kila mrunda usimame kwenye ubao, wima, umeshikwa na mwenzake kwa mbao za kulala. Mirunda mifupi isiungwe kwa misumari ili ifikie urefu. Wakati wa kumwaga, mtu mmoja tu mwenye akili timamu awe chini pembeni akitazama mirunda, akisikiliza mlio wa mbao. Vibarua wasipumzike chini ya slabu inayomwagwa, hata kama ndiko kwenye kivuli. Na zege lisirundikwe mahali pamoja likisubiri kusambazwa.

Mirunda haitolewi kwa sababu mwenye nyumba anaihitaji kwingine. Slabu ya kawaida naipa wiki tatu, bimu nne, na neno la mwisho ni la injinia. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Walioko chini ya jengo linaloanguka huwa ni sisi wa karai na wapita njia.

Hatua ya 8: Kupaua

Upepo wa Dodoma mnaujua. Kuanzia Julai mpaka Oktoba asubuhi ni shwari, mchana unaamka. Bati la futi kumi mikononi mwa mtu mmoja juu ya kenchi ni tanga la jahazi lenye makali. Bati zipandishwe asubuhi, watu wawili kila bati, na kila lililowekwa lipigwe misumari ya kutosha kabla ya kupokea jingine. Upepo ukianza kuinua vumbi barabarani, shukeni. Bati zilizobaki chini zikandamizwe kwa tofali; usiku zinaruka mpaka kwa jirani.

Mkanda wa usalama una maana ukifungwa kwenye kitu kisichong'oka, kama nguzo ya zege au mkanda wa linta kupitia kamba madhubuti. Ukifungwa kwenye kenchi iliyoshikwa na misumari miwili ya muda, mtaanguka wote, wewe na kenchi.

Hatua ya 9: Umeme wa saiti na grenda

Kwa ufupi. Waya uliounganishwa kwa mfuko wa nailoni utupwe. Soketi ya saiti iwe na swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja, ya miliampia 30. Waya usipite kwenye dimbwi la kumwagilia zege. Kinga ya grenda isitolewe ili diski kubwa iingie: diski kubwa haikutengenezwa kwa kasi ya grenda ndogo, ikipasuka vipande vyake vinaruka kama risasi. Miwani, kila mara, hata kwa kipande kimoja.

Na kabla ya kuvaa glavu au gambuti zilizolala saiti, zikung'ute. Nge wa hapa wanapenda giza la kidole cha glavu, na rundo la tofali lililokaa mwezi mzima linageuzwa kwa mtaimbo kwanza, si kwa mkono.

Hatua ya 10: Ajali ikitokea

Aliyeanguka kutoka juu asinyanyuliwe mabega na miguu, wala asipakiwe kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Naona hili kila mwaka, na linafanywa kwa upendo. Kama uti wa mgongo umevunjika, mkunjo ule wa bodaboda ndio unaomlemaza. Mtu mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa na shingo visiyumbe. Wengine wamgeuze mwili mzima kwa pamoja, kama gogo, wamlaze juu ya mlango au mbao pana, wamfunge kwa kanga, kisha alazwe nyuma ya kirikuu (gari dogo la mizigo). Namba ya dereva wa kirikuu iandikwe ukutani tangu siku ya kwanza, pamoja na 112 ya dharura (polisi) na 114.

Jeraha linalotoka damu sana: kitambaa safi, kandamiza kwa kiganja kwa nguvu, usifungue kila dakika kuchungulia. Aliyekanyaga msumari aoshwe kwa maji mengi na sabuni na apelekwe akachomwe chanjo ya pepopunda kama hakumbuki ya mwisho alichomwa lini. Mafuta ya taa na mavi ya ng'ombe viachwe. Aliyeshikwa na umeme asiguswe kabla swichi haijazimwa. Aliyefukiwa na udongo achimbuliwe kwa mikono, kichwa na kifua kwanza. Sururu ikae mbali, na mdomo wa shimo usijazwe watu wa kuangalia.

Mgonjwa akishafika hospitali, rudi saiti upige picha kabla mahali hapajasafishwa. Andika saa, kazi iliyokuwa ikifanyika na walioshuhudia. Mwajiri ana siku saba tangu apate habari kuijulisha WCF, na dai la fidia lisipitishe miezi kumi na miwili. Ajali ya kifo au ya kuumiza vibaya, OSHA nao wajulishwe.

Na hapo ndipo daftari la mahudhurio linapokuwa na kazi. Yule kijana wa Nzuguni, nilipolifungua langu siku ile, nilikuta nimemwandika "kibarua 3". Jina lake kamili nilikwenda kumuuliza mama yake wodini. Sasa naandika majina matatu, namba ya simu na namba ya ndugu wa karibu, kabla mtu hajashika beleshi.